Jibu la msomaji: Mchana wa won 9,000 mjini Seoul

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mtu akiwa ugenini na fedha za kuhesabu, atapata wapi chakula cha mchana cha kushiba na chenye ladha? Mimi nasema Seoul, tena si kwenye maghorofa ya maduka, bali kwenye vimkahawa vya vichochoroni vinavyouza baekban. Hiyo ni seti kamili: bakuli la wali, supu au mchuzi, na vitoweo vidogo vinne hadi sita. Bei yake kwa kawaida ni won 8,000 hadi 10,000, yaani kama dola 6 au 7. Kwa mji ghali kama ule, sijui mlo unaoushinda huu.

Unafuu wenyewe unatokana na ufupi wa menyu. Vitoweo hupikwa asubuhi, vikapoa na kupangwa kwenye vyombo, na mteja akiagiza kazi inayobaki ni kuchemsha mchuzi tu. Chakula hufika mezani ndani ya dakika chache, meza inapata wateja wawili watatu kabla adhuhuri haijaisha, na faida ndogo ndogo zinajumlika. Kwa hiyo usiingie ukitaka kuchaguachagua. Agiza kinachopikwa siku hiyo, kile unachokiona kwenye meza nyingi.

Kuvipata vimkahawa hivi si kazi ngumu. Acha barabara kuu, ingia mtaa wa nyuma, karibu na soko au ofisi, utafute herufi 백반, yaani baekban, kwenye kioo cha mlango. Ukiona 기사식당, huo ni mkahawa wa madereva wa teksi. Ingia bila wasiwasi, maana dereva hana muda wa kupoteza wala fedha ya kuchezea. Bei iliyobandikwa ukutani ndiyo utakayolipa: tangu 2013 sheria inataka bei hiyo iwe imeshajumuisha kodi, na bakshishi haitolewi. Karibu na bei kuna bango la asili ya vyakula. Soma mstari wa kimchi, 김치, yaani kabichi iliyochachushwa kwa pilipili. Ukikuta 중국산, imeagizwa kutoka China, kama ilivyo kwenye mikahawa mingi ya bei ya chini. Haina ubaya wowote, lakini nyumba inayotengeneza kimchi yake yenyewe ndiyo ya kurudia kesho.

Saa ina uzito kuliko anwani. Fika saa tano na nusu asubuhi, au subiri saa saba ipite. Kati ya hapo wafanyakazi wa ofisini hujaa, na mtu mmoja aliyekalia meza ya watu wanne huonekana mzigo. Ukichelewa hadi saa nane na nusu, wengi hufunga jikoni mpaka saa kumi na moja. Wali nao una saa yake. Hupakuliwa kwenye vibakuli vya chuma vyenye vifuniko na kuwekwa kwenye kabati la joto; wa mapema una unyevu na unang'aa, uliokaa muda mrefu hukauka juu na kuanza kunuka. Vibakuli hivyo vinafanana karibu kila mahali kwa sababu katika miaka ya 1970 serikali ya jiji la Seoul, ikitaka mchele usipotee, iliamuru vipimo vyake: upana sentimita 10.5, kimo sentimita 6. Mwenye njaa huongeza bakuli la pili, kwa kawaida kwa won 1,000.

Ukiwa peke yako, angalia maandishi 2인분. Maana yake ni chakula cha watu wawili, na kwa kawaida hakiuzwi chini ya hapo. Chagua kinachopikwa kwenye chungu cha mtu mmoja, kama mchuzi wa kimchi au wa maharage ya soya yaliyochachushwa.

Vijiko na vijiti mara nyingi vimo kwenye mtoto wa meza, ubavuni mwake, na maji unajichotea mwenyewe. Chungu huletwa kikitokota, na hapo ndipo wageni wanapoungua, si kwa mchuzi bali kwa tofu, yaani jibini la soya, kwa kuwa kipande chake huficha joto katikati hata juu kukipoa. Kipakue kwenye kisahani, ukikate vipande viwili, usubiri. Bakuli la wali liache mezani, usiliinue mkononi. Wali na supu huliwa kwa kijiko, vitoweo kwa vijiti.

Mchuzi wa kimchi ndio mtihani wa mpishi. Unahitaji kimchi iliyochacha vya kutosha, yenye ukali unaokata mafuta ya nyama. Akitumia changa, mchuzi unakuwa maji ya pilipili yenye kabichi, na sukari anayoongeza haiokoi kitu. Onja kijiko kimoja bila wali: uchachu uje kwanza, pilipili ifuate. Kisha geukia vitoweo: mchicha uliopakwa mafuta ya ufuta, chipukizi za maharage, figili, dagaa waliokaangwa na sosi ya soya na kitu kitamu. Hapa ndipo mkono wa mpishi unapoonekana, na ninasikitika watu wanapoviacha wakidhani ni mapambo. Kimchi na mboga zikiisha huongezwa bure. Muite tu mama wa mkahawa kwa heshima, "imo", yaani mama mdogo. Yai na samaki huhesabiwa kwa vichwa, usiombe. Omba utakachomaliza, kwani sheria inakataza mabaki kurudishwa mezani kwa mteja mwingine, hivyo ulichobakiza kinamwagwa.

Kwa ndugu zangu Waislamu: mchuzi wa kimchi kwa desturi hupikwa na nguruwe, na kumwambia mpishi aondoe nyama hakusaidii ikiwa supu imeshachemshwa nayo. Ule wa soya nao mara nyingine huwekwa nyama, uliza kwanza. Salama zaidi ni seti ya samaki wa kuchoma, hasa godeungeo wa jamii ya vibua, anayenyunyiziwa chumvi na kuchomwa mpaka ngozi ipasuke. Huzidi bei kidogo, na karibu na soko la Dongdaemun kuna kichochoro kizima cha wachomaji hao. Anayetaka nyama halali aende mtaa wa Itaewon, kuzunguka msikiti uliofunguliwa 1976, ila bei ya won 9,000 asiitegemee huko.

Malipo hufanyika kaunta, karibu na mlango, unapotoka. Kadi ya benki hupokelewa karibu kila mahali, lakini ya nje ikikataliwa hakuna mashine ya kutoa fedha kichochoroni, basi weka won 20,000 taslimu mfukoni.