Maswali na majibu: Mtoto, mnyama wa porini na sinema za likizo

Likizo ya Juni inakaribia, na baridi ya huku Nyanda za Juu Kusini imeshaanza kuwafungia watu ndani kabla giza halijaingia vizuri. Maswali niliyoletewa safari hii karibu yote yanazunguka jambo moja: zile filamu za mtoto anayefanya urafiki na mnyama wa porini. Nimechagua sita.

Dada, habari za kazi. Mwaka jana niliwawekea wanangu filamu ya zamani ya mvulana na mtoto wa kulungu. Wa miaka saba alilia hadi akasusa chakula. Nitajie moja ambayo mnyama hafi. – Mama wa wawili, Uyole

Pole sana mama. Hiyo ni *The Yearling* ya mwaka 1946, ile aliyocheza Gregory Peck kama baba. Mvulana Jody, mtoto wa mkulima maskini kule Florida, anamlea kulungu mchanga. Kulungu anakua, anaingia shambani, anakula mahindi. Wanajenga uzio, anaruka. Wanauongeza, anaruka tena. Mwisho mama anampiga risasi, analenga vibaya, na mtoto mwenyewe ndiye anayelazimika kummaliza. Ni filamu nzuri mno, na mtoto wa huku ataielewa upesi, maana anajua nyumba inakuwaje mahindi yakiliwa mwezi wa pili na debe la akiba limeshafika chini. Lakini si ya miaka saba. Irudishe kabatini mpaka afike kumi na miwili hivi.

Kwa sasa mtafutie *Fly Away Home* ya 1996. Msichana wa miaka kumi na mitatu anahamia kwa baba yake Kanada, na huko anaokota mayai ya bata bukini baada ya katapila kuharibu sehemu walikotaga. Anayaweka kwenye droo, anayafunika kwa nguo na kuyawashia balbu. Kwa kuwa wewe ni mtu wa Uyole na huenda umewahi kulea vifaranga vya kisasa, hapo hutahitaji kuelezwa kitu. Wanaanguliwa, wa kwanza kumwona ni yeye, basi wanamfuata kila aendako: jikoni, bafuni, barabarani. Hilo si la kutungwa. Mwanasayansi Konrad Lorenz, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1973, alilichunguza kwa bukini: kifaranga akitoka kwenye yai humshika yule aliye mbele yake kuwa ndiye mama.

Shida inakuja vuli ikifika. Bukini hujifunza njia ya kuhamia kusini kwa kuwafuata wazazi wao, na mzazi wa hawa ni binti asiye na mabawa. Baba anamtengenezea kiji-ndege chepesi, anajifunza kurusha, na kundi linapanda naye angani. Hilo nalo lina asili ya kweli: mwaka 1993 Mkanada Bill Lishman na mwenzake walirusha ndege ndogo kutoka Ontario hadi Virginia, Marekani, bukini wakiwafuata. Filamu ilitoka humo.

Onyo moja tu. Dakika za mwanzo kabisa kuna ajali ya gari na mama wa msichana anafariki. Haionyeshwi kwa ukatili, ila kaa karibu na huyo mdogo. Ikipita hapo, mnyama hafi, na mtoto atalala vizuri.

Kuna jamaa kijiweni anabisha kwamba yule nyangumi wa *Free Willy* alirudishwa baharini kweli. Wengine tunasema ni porojo. Nani kashinda? – Kijana, Mwanjelwa

Kashinda jamaa, lakini asubiri kidogo kabla ya kudai soda yake.

Kwenye filamu ya 1993, mvulana Jesse anamsaidia Willy kutoroka bwawa la maonyesho, na mwisho nyangumi anaruka juu ya ukuta wa mawe huku mvulana amenyoosha mkono chini yake. Mruko ule ni kazi ya mafundi wa sinema. Mnyama mwenyewe aliyecheza aliitwa Keiko, na wakati dunia nzima inashangilia uhuru wa Willy, Keiko alikuwa bado kwenye bwawa la bustani ya burudani Mexico City, dogo kwa mwili wake, la maji ya moto kuliko aliyozoea alikozaliwa, na ngozi yake ina vidonda. Alikuwa amekamatwa karibu na Iceland mwaka 1979 akiwa mdogo.

Watazamaji walipojua hilo, watoto kwa wakubwa, zikachangwa fedha. Januari 1996 akasafirishwa kwa ndege hadi Oregon, Marekani, kwenye bwawa kubwa la maji ya chumvi. Akanenepa, ngozi ikapona. Septemba 1998 akapandishwa tena ndege, akarudishwa Iceland kwenye ghuba iliyozungushiwa wavu. Kwa miaka kadhaa wakamfundisha kuvua samaki mwenyewe na kumtoa matembezi ya bahari kuu. Kiangazi cha 2002 akaondoka, akavuka bahari hadi Norwei.

Na akifika Norwei alifanya nini? Aliwatafuta watu. Aliingia kwenye ghuba, akasogelea maboti, watoto wakaogelea naye na wengine wakampanda mgongoni, mpaka serikali ikapiga marufuku kumsogelea. Hakupata kundi la nyangumi wenzake la kuishi nalo. Desemba 2003 akafa kwa nimonia.

Wapo wanaosema mradi ule ulipoteza mamilioni ya dola bure, na wapo wanaosema miaka mitano ya bahari halisi si haba. Mimi nipo kundi la pili. Ila mkiitazama tena kibandani, mjue kwamba kile kinachochukua sekunde tatu kwenye mruko wa mwisho, Keiko kilimchukua miaka karibu kumi na hakikukamilika.

Mwalimu mwenzio hapa. Shule yetu imepata projekta na ninataka kuwaonyesha darasa la sita filamu ya aina hii. Kinachonikera, mtoto daima ni Mzungu na Mwafrika anashika bunduki au anabeba mizigo. Hakuna nyingine? – Mwalimu, Njombe

Shikamoo mwalimu. Umegusa palepale panapouma.

Nikupe iliyo karibu zaidi na unachotaka: *Duma* ya 2005, iliyopigwa Afrika Kusini. Mtoto bado ni Mzungu, Xan, aliyemlea duma tangu mchanga na sasa anataka kumrudisha porini. Lakini njiani jangwani anakutana na Ripkuna, mtu mzima anayerudi kwao, na huyo si mbeba mizigo. Ana siri zake, ana ujanja wake, na kwa muda mrefu hujui kama ni wa kumwamini. Wanafunzi wako watabishana juu yake, na hilo ndilo unalolitaka darasani. Hadithi ya msingi ilianzia Kenya, kwenye kitabu cha mama na mwanawe waliowahi kuishi na duma.

Nyingine, tena ya zamani sana, ni *Elephant Boy* ya 1937. Haina rangi, na sauti inakwaruza. Ila shujaa ni mvulana wa Kihindi, Sabu, ambaye nje ya filamu baba yake alikuwa mwangalizi wa tembo. Ukimtazama anavyompanda tembo kwa kukanyaga mkonga, unaona mtoto anayeijua kazi yake. Hakuna mwigizaji wa kufundishwa wiki mbili atakayekufanyia hivyo.

Na *Storm Boy* ya Australia, 1976: mvulana na ndege mwari. Humo David Gulpilil, mwenyeji wa asili wa nchi ile, anacheza kama rafiki mkubwa wa mtoto, na ndiye anayejua pwani na ndege wake kuliko wote. Mwari anauawa, kwa hiyo jiandae.

Zaidi ya hapo, mwalimu, kapu limeisha. *Hatari!* ilipigwa Tanganyika, upande wa Arusha, ikatoka 1962, na imejaa wanyama wetu, lakini hadithi ni ya Wazungu wanaokamata wanyama. Huku kwetu kuna kipunji, kima ambaye wenyeji wa Rungwe walimfahamu kwa jina, wanasayansi wakamwona kwa mara ya kwanza 2003 na kumtangaza 2005, na mwaka uliofuata ikabidi wamtengee jenasi (kundi la kisayansi la wanyama wa jamii moja) yake peke yake. Mtoto wa Kinyakyusa anayesikia mlio wa kipunji ukungu ukiwa bado haujapanda: mtu aje aniambie hiyo si filamu. Watengeneza filamu wa Dar wakimaliza ndoa na mirathi, watupandie basi waje.

Dada, sisi tuko Tungamalenga, jirani na Ruaha. Kijana wangu wa miaka minane kaona filamu ya mtoto na tembo kwenye simu ya kaka yake. Sasa anasema tembo wakija shambani atawapelekea miwa wawe marafiki. Nicheke au niogope? – Baba, Iringa

Ogopa, baba, tena leo hii. Hifadhi ya Ruaha ina karibu kilomita za mraba 20,000, na haina uzio. Tembo akitoka huko usiku amefuata chakula. Mmoja anaweza kumaliza kilo 150 na zaidi kwa siku. Mtoto aliyesimama na muwa gizani, kwake ni kitu kilichomzuia njia, na kama kuna ndama katikati ya kundi, hatapata hata nafasi ya kukimbia.

Usimnyang'anye filamu, lakini mweleze inavyotengenezwa. Yule tembo wa kwenye simu alilelewa na watu, na mkufunzi wake amesimama pembeni, nje ya picha, ana chakula mkononi. Mara nyingi "mnyama" mmoja wa kwenye hadithi ni wanyama watatu au wanne wanaopokezana: huyu anajua kutulia, huyu anajua kukimbia. Mfano mzuri wa kumsimulia ni *Mia and the White Lion* ya 2018. Ili msichana aweze kukaa na simba bila udanganyifu wa kompyuta, filamu ilipigwa kwa takriban miaka mitatu, mtoto na simba wakikua pamoja chini ya mtaalamu wa simba. Na mafundi wa kamera je? Simba alipokua, wao ndio waliokaa ndani ya vizimba. Mwulize kijana wako: mpiga picha kajifungia, wewe unakwenda na muwa?

Halafu mpe kazi ya kweli, maana anachotaka ni kuhusika. Kamba zilizopakwa pilipili iliyosagwa na oili chafu kuzunguka shamba atasaidia kuzitengeneza mchana, akiwa na mtu mzima na asijishike machoni. Mizinga ya nyuki nayo inasaidia, kwa sababu tembo anakimbia nyuki. Wakiingia usiku, yeye abaki ndani na nyinyi mwite askari wa wanyamapori kupitia uongozi wa kijiji.

Anti, tumeokota mtoto wa tumbili shambani kwa bibi. Tunataka kumfuga, anatupenda sana. – Mwanafunzi, Tukuyu

Mdogo wangu, hapana. Anakukumbatia kwa sababu watoto wa tumbili hushika chochote chenye joto, na huenda mama yake yuko kwenye miti anawatazama. Mwacheni mlipomkuta, msogee mbali, msubiri. Mama asipokuja, mwambieni bibi apeleke taarifa kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Mnyamapori kisheria ni mali ya umma, na chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 huwezi kumweka nyumbani bila kibali. Tena akikua meno yatamtoka, na kichaa cha mbwa hakiwapati mbwa tu. Kama ameshamng'ata mtu yeyote, osheni jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, msingoje tarehe ya shule kufunguliwa.

Wajukuu zangu hawajui Kiingereza na zile za kutafsiriwa ni za ngumi tupu. Nitawawekea nini? – Babu, Mafinga

Shikamoo babu. Chukua zisizo na maneno mengi. *The Bear* ya 1988 ina mtoto wa dubu yatima anayemfuata dubu dume mkubwa, na binadamu wanazungumza kwa uchache sana. Haina mtoto wa kibinadamu, lakini wajukuu hawatajali.

Bora zaidi ni *The Black Stallion* ya 1979. Meli inazama, mvulana na farasi mkali asiyefugika wanatupwa kwenye kisiwa, na kwa muda mrefu hakuna anayesema neno. Mvulana anamwekea farasi mwani. Farasi anausogelea, anarudi nyuma, anazunguka, anakuja tena. Kamera haina haraka. Aliyeiongoza ni Carroll Ballard, huyo huyo wa *Fly Away Home* na *Duma*, na ukiziona zote tatu unatambua mkono wake: anamngoja mnyama aamue mwenyewe.

Wakishaokolewa inageuka filamu ya mbio za farasi mjini, na maongezi yanaanza. Wadogo wakianza kugombania rimoti hapo, zima tu babu, walichokifuata wameshakiona.