Jibu: Mama analima kutwa, mbona hahesabiwi?

Dada, umeuliza mbona mama yako analima kutwa na takwimu zinamweka nje ya nguvukazi, yaani watu walio kwenye ajira au wanaoitafuta. Chanzo ni azimio la wanatakwimu wa kazi waliokutana chini ya ILO (Shirika la Kazi Duniani), Geneva, 2013: kulima hasa kwa chakula cha nyumbani ni kazi, ila si ajira. Akiuza vitumbua saa moja tu ndani ya siku saba, kaingia kwenye nguvukazi! (Ajabu, lakini ndivyo.)

Kwa hiyo kabla hujalinganisha sehemu ya wajane walio kwenye nguvukazi kijijini na mjini, angalia dodoso lilitumia kipimo kipi: hiki cha 2013 au kingine. Halafu gawanya idadi ya wajane walio kwenye nguvukazi kwa wajane wote wa eneo hilohilo wenye umri wa kufanya kazi, si kwa wanawake wote. Hapo wengi huteleza. Mabinti wa miaka 15–24 watenge, baadhi yao bado wako shuleni.