Tatizo liko kwa mume, sindano nachomwa mimi

Dada, umeeleza kwamba vipimo vimeonyesha mbegu za mumeo ni chache, kwamba kliniki imekushauri uanze sindano mwezi ujao, na kwamba tangu majibu yatoke hakuna mtu nyumbani aliyekuuliza kama uko tayari. Kisha umeuliza kama teknolojia hii ya kutunga mimba nje ya mwili inatuongezea uhuru sisi wanawake au inatupunguzia. Nimeipita njia hiyo mara tatu, kwa sababu ileile yako, hivyo nitakujibu kwa yale yaliyonipata.

Louise Brown, mtoto wa kwanza aliyetungwa nje ya mwili, alizaliwa Uingereza tarehe 25 Julai 1978. Mama yake alikuwa na mirija ya uzazi iliyoziba, kwa hiyo alitibiwa tatizo lake mwenyewe, tena kwa yai moja lililopevuka lenyewe bila dawa za kuchochea ovari, yaani vifuko vya mayai. Mwaka 1992 wataalamu wa Brussels walitangaza mimba zilizopatikana kwa kuchoma mbegu moja tu ya kiume ndani ya yai, na tangu hapo hata mwanamume mwenye mbegu chache mno akaweza kupata mtoto wa damu yake. Ni hatua kubwa na siibezi hata kidogo. Lakini tazama mzigo umehamia wapi: anayechomwa homoni tumboni kila siku kwa siku 10 au 12, anayepigwa ultrasaundi kila baada ya siku chache, na anayelazwa kwa dawa ya usingizi ili sindano ndefu ipite ukeni mpaka kwenye ovari kuvuta mayai, ni mwanamke ambaye vipimo vyake vyote havina kasoro. Mume wangu alitakiwa aingie chumba cha pembeni kwa dakika chache. Simlaumu, maana maumbile ndivyo yalivyo. Kilichoniumiza ni kwamba wakati wa kupanga ilikuwa safari yetu sote, na wakati wa maumivu ikawa wajibu wangu peke yangu.

Katika mzunguko wa pili wa matibabu ovari zangu zilivimba kupita kiasi na maji yakajaa tumboni, nikawa nalala nimekaa kwa sababu nikijilaza pumzi inakata. Wifi yangu, ambaye ananipenda kwa dhati, alinijia na uji na swali moja: tunaanza tena lini? Sikuwa na la kumjibu. Hapo ndipo nilipoelewa kilichobadilika. Zamani mwanamke aliyekosa mtoto alifika mahali akaachwa apumzike, hata kama ni kwa huzuni na masengenyo. Sasa daima kuna hatua nyingine mbele, dozi nyingine, mayai ya kuchangiwa, mwanamke mwingine wa kubeba mimba, na kwa kuwa hatua ipo, anayesema basi anaonekana ndiye aliyemnyima mumewe mtoto. Kwa maoni yangu, uhuru wako unapimwa hapo: je, unaweza kukataa na bado ukaheshimiwa? Kama huwezi, basi hata ridhaa unayoitoa leo ina walakini.

Kuna jambo jingine ambalo natamani ningelijua mapema, nalo ni karatasi. Asubuhi ya kuvuta mayai, saa kumi na mbili na nusu, nikiwa tayari nimevaa gauni la wagonjwa na mpira wa dripu uko mkononi, muuguzi aliniwekea fomu kwenye mapaja. Iliuliza viinitete, yaani mayai yaliyokwisha kurutubishwa, vitakavyobaki vifanywe nini mkiachana, mmoja wenu akifariki, au mkiacha kulipia utunzaji. Kulikuwa na visanduku vya kutia alama, na kalamu iliyokuwa ikikatakata wino. Nilitia alama palepale alipotia mume wangu, kwa sababu wodi ilikuwa inanisubiri.

Usidhani visanduku hivyo ni utaratibu tu. Huko Uingereza, Natallie Evans aligandisha viinitete 6 mwaka 2001 kabla ya kuondolewa ovari zote mbili kwa sababu ya uvimbe. Baadaye aliachana na mwenzake, na mwanamume huyo akaondoa ridhaa yake ya viinitete hivyo kutumika. Kesi ilifika hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, ambayo tarehe 10 Aprili 2007 iliamua kwamba haki za Natallie hazikukiukwa. Naielewa hoja kwamba mwanamume pia asilazimishwe kuwa mzazi. Hata hivyo, kila nikimfikiria mwanamke yule, ambaye hakuwa na yai jingine duniani, roho inaniuma.

Kwa hiyo kabla ya sindano ya kwanza, omba kumwona daktari ukiwa peke yako. Muulize uwezekano wa kufanikiwa kwa umri wako na kwa kliniki yake, na akutajie watoto waliozaliwa hai, kwa maana kipimo cha mimba kuonyesha ndiyo si mtoto. Muulize kama mumeo amechunguzwa mwilini au amepimwa mbegu tu. Mishipa ya damu iliyovimba kwenye korodani, kwa mfano, mara nyingine hutibika na mbegu zikaongezeka, na sisi hatukulisikia hilo mpaka mzunguko wa tatu. Fomu zote zichukue uende nazo nyumbani. Na ongea na mumeo sasa, kabla homoni hazijaanza, mkubaliane ni mara ngapi mtajaribu na kwamba wewe ndiye mwenye neno la mwisho la kusimama, kwa kuwa mwili ni wako.

Mimi nilisimama baada ya mara ya tatu. Tuna viinitete viwili vilivyogandishwa, na kila mwaka huja barua ya kuuliza kama viendelee kutunzwa. Ya mwaka huu iko mezani. Nimemwambia mume wangu tutaisoma pamoja, mstari kwa mstari, na hakuna atakayeshika kalamu siku hiyohiyo.