Digrii si lazima kuanza kuchora AutoCAD

Kaka umeuliza kama fundi wa saiti lazima uwe na digrii ya uinjinia ndo uajiriwe kuchora kwa AutoCAD, ile programu ya kuchorea ramani za majengo kwenye kompyuta. Hapana, huhitaji, ofisi za ramani hapa Dar zinachukua hata mtu wa cheti cha ufundi au fundi aliyetoka saiti kama wewe, mradi anajua kusoma ramani. Mi ndo kazi yangu hii, mtu mpya tunampa plani ya nyumba iliyochorwa kwa mkono aiingize kwenye kompyuta halafu tunaangalia leya zake, yaani matabaka ya mchoro, kuta ziwe peke yake, milango peke yake, vipimo peke yake, na ikiprintiwa kwenye karatasi kubwa ya A1 kwa skeli ya 1:100 (sentimita moja kwenye karatasi ni mita moja ya nyumba) maandishi yasomeke. Wengi wanakwama hapo, mistari yote wameirundika leya moja. Programu unaizoea, kujua nyumba inajengwaje ndo kugumu, so hiyo miaka yako ya saiti usiidharau kabisa. Ila ramani ya kibali cha ujenzi huwezi kusaini, hiyo ni ya msanifu aliyesajiliwa na AQRB, bodi ya usajili wa wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi. Na leseni ya bure ya wanafunzi ya Autodesk, kampuni inayotengeneza AutoCAD, ni ya kujifunzia tu, usifanyie kazi ya mteja, kama hela bado anza na LibreCAD au FreeCAD, programu za kuchorea za bure.