Nimejenga Vyumba vya Kupangisha: Ipi Haki Yangu, Ipi Haki ya Mpangaji?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Nimestaafu, na kiinua mgongo changu nimejenga vyumba vitano na fremu moja huku Mbagala. Sijawahi kuwa mwenye nyumba. Nachukua kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mpangaji mmoja kodi yake imekwisha na hajalipa. Majirani wananishauri nimpige kufuli na nimtoze faini. Wengine wanalalamikia bomba lililopasuka na makato ya LUKU. Fremu inatakiwa na mtu wa kuuza bia, naye anatoa hela nzuri. Je, yapi ni halali kwangu? Na zaka nitoe vipi?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mzee wangu, Mwenyezi Mungu akubarikie katika ulichokichuma. Umefanya vyema kuuliza mapema, kwa sababu dhuluma nyingi za nyumba za kupanga huanza pale mwenye nyumba anapodhani chumba bado ni chake kwa kila hali.

Ukishapangisha, umeuza manfaa ya chumba kwa muda maalumu. Jengo limebaki lako. Makazi ni ya mpangaji. Ndiyo maana mafakihi wa Kishafii wamesema ni wajibu wa mwenye nyumba kumkabidhi mpangaji ufunguo. Na Qur'ani (24:27) imetukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na kuwatolea salamu wenyewe. Basi usiingie chumbani kwake kwa ufunguo wa akiba, hata kama ni kwenda kutazama dari.

Mtume (s.a.w.) amesema: "Pato huandamana na dhamana." Wewe unakula kodi kwa sababu jengo liko juu yako, kwa hiyo bomba lililopasuka ndani ya ukuta, paa linalovuja, choo kilichojaa kwa kujengewa shimo dogo, vyote hivyo ni vyako. Kufagia na kutunza alichokikuta ni kazi ya mpangaji, na akivunja kitasa kwa uzembe atakilipa. Ukikataa kutengeneza kasoro inayomnyima makazi, ana haki ya kuvunja mkataba na kudai kodi ya miezi iliyobaki. Chukulia chumba ni Sh 60,000 kwa mwezi, amekulipa Sh 360,000, na baada ya miezi miwili mafuriko yakabomoa ukuta hata hakukaliki: Sh 240,000 ni zake. Kupokea kodi ya miezi sita inajuzu mkiridhiana, lakini nakusihi usiitumie yote siku hiyohiyo. Na ndani ya miezi hiyo huna ruhusa ya kupandisha bei, kwa sababu Allah ameamrisha: timizeni mikataba (5:1). Andikeni, wekeni mashahidi, kila mmoja abaki na nakala yake.

Kuhusu LUKU, hapa wengi wanakula haki ya watu bila kutambua. Tangu 2021 kodi ya jengo, yaani ile ya serikali, inakatwa kupitia mita ya umeme. Ilianza kwa Sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Anayenunua umeme ni mpangaji, lakini deni hilo ni la mwenye jengo. Warudishie, au wapunguzie katika kodi ya chumba. Wakikubali wenyewe kulibeba, na likatajwa waziwazi kabla ya kupanga, hapo hakuna neno. Kunyamaza kwao kwa kuogopa kuhamishwa hakuhesabiwi kuwa ni ridhaa.

Sasa huyu asiyelipa. Faini ya kuchelewa usiitoze kabisa: ni nyongeza juu ya deni, nayo ndiyo riba yenyewe. Kisha mchunguze. Akiwa ameachishwa kazi au ana mgonjwa, aya iko wazi: mdaiwa akiwa na shida, angojewe mpaka apate wasaa (2:280), na kumsamehe ni bora zaidi. Akiwa na uwezo na anakuzungusha, Mtume (s.a.w.) amesema kuchelewesha kwa mwenye uwezo ni dhulma, mdai bila haya. Mkataba wake umekwisha, hulazimiki kuuongeza. Mpe notisi ya maandishi na muda wa kutafuta pengine, na akikaidi mpeleke serikali ya mtaa, kisha kwenye baraza la ardhi. Lakini kumpiga kufuli watoto wakiwa nje, kung'oa mlango, kuezua bati, kukata maji, au kuuza jokofu lake kufidia deni, hayo usiyafanye. Wewe unamdai fedha tu. Huna milki ya vyombo vyake.

Fremu usimpe muuza bia, wala mwenye mashine za kamari. "Msisaidiane katika dhambi na uadui" (5:2), na hapa unajua kabla ya kusaini mahali pako panaenda kufanyiwa nini. Mpangaji asiye Mwislamu ni halali kumpangisha, na anachokula au kunywa chumbani mwake ni hesabu yake. Weka katika mkataba kwamba fremu haitabadilishiwa biashara bila idhini yako; wengi huanza na duka la vinywaji baridi.

Zaka haimo katika thamani ya jengo. Imo katika fedha ya kodi unayobaki nayo: ikifikia nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu, na ikapitiwa na mwaka wa Hijria, toa asilimia 2.5. Uliyokwisha kula au kukarabatia kabla ya mwaka kutimia haihesabiwi.

Anza na lile bomba wiki hii, kabla hujamwita yeyote kuzungumza naye habari ya kodi.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.