Kadi za Mtandao Zinazobadilishana Majina

SWALI: Fundi wetu, salamu nyingi kutoka Tudor, Mombasa. Mimi na wenzangu wawili tunahudumia kompyuta za ofisi moja ya uwakala wa forodha karibu na bandari ya Kilindini. Hivi karibuni tulipokea seva 8 za aina moja, kila moja ikiwa na mlango 1 wa mtandao kwenye ubao mama na kadi ya kuchomeka yenye milango 2, tukazisakinishia Linux kwa pxelinux (programu inayowasha kompyuta kupitia mtandao) na faili ya Kickstart (yenye majibu ya maswali yote ya usakinishaji), bila mtu kukaa mbele ya skrini. Faili yetu inasema eth0, yaani mlango wa mtandao wa kwanza, ndiyo inayokwenda kwenye mtandao wa ofisi, na katika mstari wa kuwashia tumeweka net.ifnames=0. Seva 5 zilimaliza salama, 3 zikakwama, kwa sababu eth0 yao ilikuwa mlango wa kadi ya kuchomeka. Tulipoiwasha upya mojawapo, majina yakakaa sawa. Je, vifaa ni vibovu?

JIBU: Ndugu msomaji, vifaa vyenu ni vizima. Jina eth0 halimo ndani ya kadi. Kerneli, yaani kiini cha Linux, ndiyo inayoligawa, nayo hugawa kwa kufuata nani amewahi. Mlango wa ubaoni na kadi ya kuchomeka aghalabu hutumia draiva (programu za kuendesha kifaa) tofauti zinazopakiwa kwa pamoja, na kila seva inapowaka huwa kama geti la feri ya Likoni linapofunguliwa: umati ni ule ule, lakini hakuna awezaye kuapa nani atatangulia. Kuwasha upya kuliwafaa kwa bahati tu, na bahati hiyo msiitegemee.

Maneno net.ifnames=0 ndiyo yaliyowarudisha kwenye hali hiyo, kwa kuwa yanazima utaratibu ulioletwa na systemd (programu inayoanzisha na kusimamia huduma za Linux) toleo la 197 mwaka 2013, ambao hulitoa jina kutokana na mahali kadi ilipo: eno1 ni mlango wa ubaoni uliopewa namba na ubao wenyewe, na enp3s0f1 ni basi la PCI (njia ya ubaoni inayounganisha kadi) namba 3, nafasi 0, mlango wa pili, kwani milango huhesabiwa kuanzia 0. Wengi huyanakili maneno hayo kutoka miongozo ya zamani kwa sababu eth0 ni rahisi kukumbuka. Katika mashine yenye kadi moja sioni madhara makubwa. Katika mashine yenye milango mitatu siyapendekezi hata kidogo.

Hata hivyo, kuyaondoa hakumalizi kazi. Mkichomeka diski ya NVMe (nayo hutumia PCI) kesho, basi la PCI namba 3 huenda likawa namba 4, na jina likahama nalo. Tena programu ya usakinishaji inaweza kubeba toleo la systemd lisilofanana na lile la mfumo uliosakinishwa, na kanuni za kutaja majina zimebadilika kati ya matoleo.

Kwa hiyo nawashauri faili ya Kickstart isitaje jina lolote. Katika usanidi wa pxelinux ongezeni mstari IPAPPEND 2, ambao huipa kerneli maneno BOOTIF=01- yakifuatwa na anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kifaa) ya mlango ule ule uliowasha mashine, kisha katika Kickstart andikeni network --device=bootif. Usakinishaji utapita kwenye waya ulioanzia, hata jina likiwa lipi.

Kwa maisha ya baadaye ya seva, acheni hatua ya mwisho ya Kickstart iandike faili kama 10-ofisi.link ndani ya /etc/systemd/network, yenye MACAddress= chini ya [Match] na Name=ofisi0 chini ya [Link]. Msichague jina linaloanza na eth, maana mtagombania na kerneli yenyewe.

Liko jambo moja ambalo huwakosesha usingizi hata mafundi wazoefu. Kadi inaweza kupewa jina mapema, ndani ya initramfs (mfumo mdogo wa muda wa kuwashia), kabla diski haijafunguliwa, na hapo faili yenu mpya haionekani. Baada ya kuiandika, tekelezeni dracut -f, amri inayoijenga upya initramfs, katika hatua hiyo hiyo ya mwisho, mkihakikisha kwamba inajenga initramfs ya kerneli iliyosakinishwa wala si ya programu ya usakinishaji. Kisha iwasheni upya seva moja mara kadhaa, mkitazama majina kwa amri ip link kila mara, kabla ya kuzigusa zile saba.