Anza na Kipande, Viungo Vitafuata

Mtu akitaka kujaribu nyama ya kigeni, swali lake la kwanza huwa ni viungo: hiki nitakipata wapi, kile nibadilishe na nini? Mimi humuuliza kwanza amenunua kipande gani. Nimepika nyama za mataifa mengi jikoni kwangu, na ninachokiamini kwa dhati ni hiki: mwenye kipande kinachofaa na subira atalisha watu wakashiba na kusifu hata akikosa viungo viwili vitatu. Mwenye viungo vyote lakini kipande si chenyewe, wageni wake watachoka taya.

Muundi, shingo, mkia, kidari na bega ni misuli iliyombeba mnyama maisha yake yote. Imejaa ule utando mweupe mgumu uitwao kolajeni. Ukiipeleka kwenye moto mkali wa haraka, utando unajikunja na kuikamua nyama maji yake. Ukiipa unyevunyevu na joto la taratibu, kuanzia nyuzi 70 hivi na kuendelea, kwa saa mbili, tatu au zaidi, kolajeni hiyohiyo inageuka jelatini, ndiyo inayofanya supu ya makongoro inate midomoni. Sarara na steki hazina utando wa kutosha wa kuyeyuka. Ukizitokosa saa tatu zinakauka ndani ya mchuzi wenyewe. Kwa hiyo bucha nasema, "Kaka, nikatie muundi, na mfupa wake uache," na steki naichukua siku ninayowasha makaa.

Chakula ninachokipenda kuliko vyote vya kupikwa taratibu ni rendang ya Waminangkabau wa Sumatra Magharibi, Indonesia. Ni chakula cha Idi na harusi, na mpishi wa pwani yetu atakielewa haraka kwa sababu msingi wake ni tui la nazi. Lakini kanuni yetu inabidi uigeuze. Sisi tui zito tunalitia mwisho, tunakoroga kwa upole ili lisikatike. Rendang inataka tui likatike. Nyama inaingia pamoja na tui tangu mwanzo, sufuria wazi, moto mdogo, na inapita hatua tatu zenye majina yake: ikiwa bado na mchuzi mwingi ni gulai, mchuzi ukipungua na kuwa mzito ni kalio, na ukikauka kabisa, mafuta ya nazi yakajitenga na nyama ikaanza kujikaanga ndani yake, hapo ndipo inaitwa rendang.

Kwa kilo moja ya muundi au bega mimi hutumia nazi tatu. Nasaga vitunguu maji, kitunguu saumu, tangawizi, bizari ya manjano mbichi na pilipili nyekundu nyingi, natia mchaichai uliopondwa na majani machanga ya mlimau. Wao wana pia mzizi mwingine wa jamii ya tangawizi na jani la mmea wa bizari. Ukiyapata, vizuri, ukiyakosa, endelea. Kata vipande vikubwa kuliko unavyokata vya mchuzi, maana vidogo vitachambuka kabla tui halijakauka. Jipe saa tatu hadi nne. Saa mbili za kwanza unaweza kufanya shughuli nyingine, ukipita kukoroga mara mojamoja. Saa ya mwisho usiondoke jikoni, kwa sababu nazi iliyokauka inaungua ghafla na uchungu wake hautoki. Tafuta rangi ya kahawia iliyokolea, si nyeusi. Ikikauka vizuri inakaa siku kadhaa bila kuharibika, ndiyo maana wasafiri wa huko walifunga rendang kwenye mizigo yao.

Jambo moja kwa mlio nyanda za juu. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na maji huchemka huko kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Muundi unaolainika kwa saa mbili na nusu Mombasa utataka muda zaidi Nairobi. Si nyama mbaya wala mpishi mbaya. Ongeza muda, au tumia sufuria ya presha kulainisha, kisha malizia sufuria ikiwa wazi ili mchuzi ukaukie.

Marrakech, nchini Moroko, wana tangia, na naipenda kwa urahisi wake. Muundi unatiwa ndani ya mtungi wa udongo pamoja na kitunguu saumu, bizari nyembamba, zafarani, ndimu za chumvi, samli iliyochachuka na maji kidogo tu. Mdomo wa mtungi unafungwa kwa karatasi na kamba, kisha mtungi unapelekwa kwenye tanuru linalochemsha maji ya hamamu, yaani bafu la umma la mtaa, unafukiwa kwenye majivu ya moto kwa saa nyingi. Kwa asili ni chakula cha wanaume wa kazi za mikono: wanaacha mtungi asubuhi, wanaufuata baadaye. Nyumbani natumia chungu chenye mfuniko unaobana, kwenye oveni ya nyuzi 150, saa nne. Usiongeze maji. Nyama itatoa ya kwake.

Sasa makaa. Hapa somo kubwa nimelipata kwa Waargentina na asado yao, yaani nyama choma ya kwao. Viungo vyao ni chumvi ya mawe, basi. Kuni zinawashwa pembeni, na makaa yaliyokwisha kuiva ndiyo yanayokokotwa kuwekwa chini ya wavu, kidogokidogo. Mbavu zinalazwa upande wa mfupa kwanza na kukaa hapo sehemu kubwa ya muda, mfupa ukipitisha joto polepole. Mchoma mbuzi mzuri wa kwetu hufanya karibu hivyohivyo. Pima kwa kiganja: kishike usawa wa wavu, na ukiweza kuhesabu taratibu hadi sita kabla hujakiondoa, moto umefaa kwa mbavu. Ukiishia mbili, huo ni wa steki nyembamba. Mafuta yakidondoka na miali ikapanda, sogeza nyama, usimwagie maji, kwa sababu majivu yatarukia chakula. Ikishaiva, iache itulie dakika kumi kabla hujaikatakata. Najua watu wana njaa na kachumbari iko tayari. Waombe wasubiri.

Mshikaki una kanuni yake, maana vipande ni vidogo na moto ni mkali. Papai bichi lililosagwa linalainisha kweli, kwa kuwa lina kimeng'enya kinachokata protini, lakini halijui kuacha. Kijiko kimoja kwa kilo na saa moja kinanitosha. Ukililaza na nyama usiku kucha, asubuhi unakuta uji. Tangawizi mbichi inafanya kazi hiyohiyo kwa upole zaidi. Na ule mchanganyiko uliolowekea nyama mbichi usiupake kwenye mishikaki iliyoiva. Tenga mwingine mapema, au uchemshe kwanza.

Nimeacha shuwa ya Oman mwisho kwa sababu wengi wenye jamaa Muscat wameila na wanadhani haiwezekani nyumbani. Huko ni chakula cha Idi: mbuzi au kondoo anapakwa siki, kitunguu saumu, iliki, karafuu, bizari nyembamba, giligilani, pilipili manga na pilipili kali, anafungwa kwa majani makavu ya mgomba au makuti, anatiwa kwenye kifuko kilichosukwa, kisha anashushwa kwenye shimo la makaa linalofunikwa kwa siku nzima au mbili. Majirani mara nyingi wanashirikiana shimo moja. Kinachopika humo ni joto lililofungiwa pamoja na mvuke wa nyama, na hilo oveni inaliweza. Chukua bega la mbuzi, si paja, kwa sababu lina mafuta na utando zaidi. Lipake viungo, lilale kwenye friji usiku mmoja. Babua majani ya mgomba juu ya moto yalainike, funga mara mbili, zungushia karatasi ya foili pande zote mvuke usitoke, kisha nyuzi 150 kwa saa tano au sita. Moshi wa shimo hutaupata wote. Ukitaka harufu yake, weka kipande cha kaa la moto kwenye kibakuli ndani ya trei, tia tone la samli, funika dakika tano. Mchuzi uliokusanyika kwenye majani usiumwage: engua mafuta ya juu, umiminie kwenye wali mweupe.